Kuna Aliyekufa?

4 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba magoti yako na zile ngazi za ghorofa nne vimeshapatana. Huku hatujambo. Baba anakusalimu, anasema mwambie dada yangu bado nina nywele, akibisha aje azihesabu. Mama amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi ambalo sote tulikuwa tumekubaliana kulisahau, kwa hiyo nyumba haikaliki. Mapacha wa kaka wanaota meno kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimepata kazi. Mafunzo yalikuwa wiki nane, tulianza watu ishirini na wawili tukamaliza kumi na watatu, na tangu Jumatatu nakaa kiti namba sita katika kituo cha simu za dharura. Mimi, Redio wenu, niliyetolewa nje ya darasa kila wiki kwa kuongea, leo nalipwa kwa kuongea. Mkufunzi anasema tunalipwa kwa kusikiliza. Hilo bado najifunza.

Najua utauliza chumba kikoje. Viti kumi na viwili, kila kiti skrini tatu, hedifoni ya sikio moja ili sikio la pili limsikie msimamizi. Juu ya kila meza kuna taa: kijani uko huru, nyekundu una mtu. Jirani yangu wa kiti cha tano alikuwa askari wa zimamoto mpaka mgongo ukamkatalia, tunamwita Moshi. Anaweza kutafuna karanga bila kutoa sauti yoyote, na kwa kazi hii hicho ni kipaji.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mmoja mpole sana. Alisema, "Nimepiga kuuliza kama nipige." Mkewe alikuwa amevimba midomo baada ya kula, na sauti inakwaruza. Nikamwambia umeshapiga baba, tuendelee, uko wapi? Gari la wagonjwa lilifika kwa dakika saba. Nilipokata, Moshi akanisogezea karanga bila kunitazama. Shangazi, sijawahi kuwa na furaha ya namna hii maishani mwangu.

Wewe ulikaa kwenye swichibodi ya hospitali ukiwaunganishia watu simu miaka thelathini na moja. Nifundishe. Ningekupigia kukuambia haya yote, ila nakumbuka siku nilipopiga kukuambia nimefaulu mtihani. Uliuliza, "Kuna aliyekufa?" Nikasema hapana. Ukasema, "Basi andika," ukakata. Ndiyo nimeandika.

Mwanao,
Redio


15 Februari

Redio wangu,

Marahaba, tena marahaba mara kumi. Hapa sote wazima. Bomba la ghorofa ya pili limetengenezwa, kwa hiyo ngazi hazitelezi tena na sina cha kulalamikia. Mwambie baba yako nywele nilizihesabu mara ya mwisho, hazikunichukua muda.

Barua yako ilifika jana. Nilianza kuisoma nimesimama mlangoni, nikafika pale uliponiamuru nikae, nikakaa. Kisha nikashuka nayo mpaka chini kwenye karakana ya Fundi Viti nikamsomea yote kwa sauti. Yeye akiwa kazini huweka misumari midogo midomoni, anaitoa mmoja mmoja akipigilia kitambaa cha kiti, kwa hiyo hawezi kumkatiza mtu. Hakuna msikilizaji bora kuliko yeye jengo zima. Nilipofika kwa yule bwana aliyepiga kuuliza kama apige, Fundi alicheka mpaka ikabidi ateme misumari. Nami nimefurahi mpaka nimekitoa kile kitambaa kinachofunika simu yangu ukumbini, nikakifua na kukipiga pasi.

Sasa kazi. Sisi tulikuwa na taa arobaini na nyaya za kuchomeka, na sheria ilikuwa kwamba taa ikiwaka, kabla hujavuta pumzi ya pili uwe umeitikia. Anayepiga kelele mjibu kwa sauti ya chini, atashuka akufuate. Uliza kwanza yuko wapi, mengine baadaye, maana mtu akizimia huwezi kumuuliza namba ya nyumba.

La mwisho ndilo kubwa. Siku moja karani wa stoo alishika laini ya nje akizungumza na fundi cherehani wake juu ya mkunjo wa suruali. Muda huohuo chumba cha upasuaji kilikuwa na mama mahututi na kinamtafuta daktari nyumbani kwake. Dakika nne, Redio. Yule mama sikumwona uso, ila nilisikia kitanda chake kikisukumwa nyuma yangu, kwenda na kurudi, na kilivyorudi kilirudi polepole. Tangu siku hiyo nasema laini si yako, ni ya mtu mwingine usiyemjua ambaye huenda anaihitaji sasa hivi. Ndiyo maana kwangu simu ni ya jambo lisiloweza kusubiri, na mengine yote yanabandikwa stempu. Ulikuwa unadhani ni ubahili.

Shangazi yako anayejivuna

Nilisahau: kile kikombe changu cha bluu kimevunjika. Kiliniponyoka tu, mkono ulikuwa umelala. Nilikuwa nakipenda.


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Baba amesoma habari ya nywele na hajaongea na mtu tangu asubuhi. Mama ameona vumbi juu ya mlango. Mapacha wameongeza jino.

Barua yako nimeisoma kazini, wakati wa chai, mbele ya zamu nzima. Msimamizi ameandika ile ya taa na pumzi ya pili kwenye ubao wetu. Moshi anauliza kama umeolewa. Nimemwambia ashughulike na karanga zake.

Mimi nimejifunza jambo moja ambalo hata kwako sijawahi kulisikia. Juzi mtu alinipigia akipiga kelele kwamba dunia imekwisha, kumbe kasuku wake ametoka kizimbani na yuko juu ya paa la jirani. Nilipomaliza naye ikaingia sauti ya mama mmoja, dobi, taratibu kabisa: "Samahani kukusumbua mwanangu, najua mna kazi nyingi. Ni kifua tu, kimenibana kidogo tangu asubuhi." Wakati huo alikuwa ameshapiga pasi shuka sita kwa kifua hichohicho. Moyo wake ulisimama ndani ya gari, wakaurudisha. Yuko hai, ananyonya machungwa wodini. Moshi akaniambia, "Anayepiga kelele ana pumzi. Akikuomba radhi, wewe kaa sawa." Na ni kweli, nimeanza kuhesabu. Wagonjwa wenyewe ndio wanaoomba radhi.

Halafu tumefundishwa kiharusi. Unamwambia mtu atabasamu, uone kama mdomo unakwenda upande. Ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Aseme sentensi moja, usikie kama maneno yananyooka. Likikosekana moja tu, gari linatoka, hata kama baada ya dakika tano amerudi mzima. Hasa akirudi mzima, maana hiyo ni hodi, na mpiga hodi hurudi.

Kwa hiyo nakuuliza juu ya kikombe. Ni mkono upi? Ulilala kwa muda gani?

Redio


11 Machi

Redio,

Marahaba. Habari za hapa ni njema. Ghorofa ya tatu wamehamia watu wenye piano, wanajua wimbo mmoja, nasi sasa tunaujua. Mwambie Moshi nilishawahi kuolewa, ilitosha.

Kikombe kilikuwa kikombe. Usilete kazi mezani.

Nina swali la kikazi, nakuuliza kama mtu wa kazi, si kama mtoto. Kuna mwanamke ninayemfahamu, umri wake kama wangu, mzima wa afya. Wiki iliyopita alikuwa anamsomea jirani gazeti, katikati ya sentensi maneno yakaanza kutoka yamepondeka. Mwenyewe alikuwa anayasikia yamepondeka na hawezi kuyanyoosha. Jirani akatoa misumari mdomoni akasema mdomo wako umekwenda upande. Akataka kukimbilia simu, yule mwanamke akamkataza kwa mkono, kwa mkono mmoja. Baada ya dakika kumi yakaisha. Akapanda ngazi mwenyewe, akapika, akala, akaosha vyombo. Je, jambo kama hilo linafikia kiwango cha kuwasumbua watu? Yeye anadhani halifiki, kwa kuwa limeshapita, na huko nje kuna watu wanaoungua moto.

Nijibu ukipata nafasi. Si jambo la haraka, ndiyo maana nimekuandikia.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Sina salamu nyingine leo.

Barua yako imefika asubuhi hii, siku ya kumi na moja. Nimeisoma kwenye ngazi za kituo, koti bado mwilini. Mistari yako yote inashuka kulia, wewe ambaye hukuhitaji karatasi yenye mistari tangu nizaliwe. Na majirani wangapi duniani wanakaa na misumari mdomoni?

Nilikupigia. Umeuliza, "Kuna aliyekufa?" Nimesema, "Bado, Shangazi, sikiliza." Umesema basi andika, ukakata. Nimepiga tena mara tatu, hukupokea.

Ndipo nikaketi kiti changu, nikavaa hedifoni, nikapiga namba yetu wenyewe. Aliyepokea ni Moshi, hatua moja kutoka kwangu. Na unajua neno la kwanza lililotoka mdomoni mwangu? "Samahani kukusumbua." Moshi amegeuka akanitazama, akavua hedifoni, akasema, "Redio, yuko wapi?" Nikamtajia mtaa wako, jengo, ghorofa ya nne. Akaniunganisha na kituo cha mji wako na gari likatoka.

Baada ya saa moja wamenirudishia jibu: mgonjwa amefungua mlango mwenyewe, amewakaribisha chai, amekataa kwenda, ametia sahihi fomu ya kukataa. Msimamizi ameniandikia jibu hilo kwenye karatasi, nami nimeishika mpaka zamu ikaisha.

Najua umekasirika. Mimi naogopa, na hasira yako naiweza kuliko hofu hii. Nenda hospitali, nakuomba. Nenda hata kwa miguu, hata kwa kunikomoa.

Redio


18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Karibu mwezi sasa na hakuna barua. Najua uko hai kwa sababu Fundi Viti amemwandikia Baba kadi yenye maneno matatu: "Yupo. Amenuna. Anapanda." Nadhani anapanda ngazi. Baba alikuja kwako, ukamkaribisha, ukamlisha, na kila alipotaja hospitali ukamtajia nywele zake. Amerudi ameshiba na hana jibu.

Mapacha wanatambaa. Mama amekuombea. Nami nimepita kipindi cha majaribio, ni mwajiriwa kamili, na msimamizi amenipa funguo za kabati langu. Nimefurahi, na furaha yenyewe imekosa mtu wa kuipokea.

Sitakuomba radhi kwa lile gari. Nimejaribu kuandika neno hilo mara mbili na mara zote mbili nimelikata.

Ninachotaka kukuambia ni kimoja. Umesema laini ni ya mtu mwingine. Huku kwetu ziko laini kumi na mbili, na zikijaa zote simu inahamia kituo kingine yenyewe. Hakuna mama anayesukumwa nyuma yako. Na hata ingekuwa moja, kuamua nani anastahili ni kazi yangu mimi niliyekaa kiti cha sita, si kazi ya anayepiga. Wewe ulikaa miaka thelathini na moja, na kila taa ilipowaka uliitikia. Hata mara moja hukuiuliza taa kama ina haki ya kuwaka. Kwa nini unajiuliza wewe?

Redio, bado wako


2 Juni

Redio wangu,

Marahaba, na marahaba zote za miezi miwili nilizozikalia. Herufi ni kubwa na zimelewa, nivumilie. Daktari wa mazoezi anasema niandike ukurasa mmoja kila siku, nami nimemwambia nina mtu wa kumwandikia.

Habari za hapa kwanza, kama ilivyo desturi. Watu wa piano wamejifunza wimbo wa pili. Vifungo bado vinanishinda, lakini kijiko nakishika. Ulipokuja hospitalini zile siku nne uliongea wewe peke yako, nami nilikuwa sina mdomo wa kukujibu, na nakiri ulinifaa sana. Unajua kwamba nilipiga simu. Jinsi ilivyokuwa hujui, maana sijamwambia mtu.

Kwanza la Machi. Walikuja vijana wawili na machela, na majirani wote wakatoka kwenye ngazi kutazama. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na aibu ile niliigeuza hasira nikakutupia wewe. Wakanipa fomu nitie sahihi. Sahihi yangu ilitoka nje ya mstari ikaendelea mpaka ukingoni mwa karatasi. Yule kijana aliitazama, kisha akanitazama. Nilijua anajua. Hilo ndilo nililokuwa nakuficha kwa kutokuandika.

Kisha tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi. Fundi alikuwa ametoka kununua kitambaa. Nilikuwa napiga pasi, pasi ikawa nzito, nikaiweka, na mkono ukabaki palepale juu ya meza kama si wangu. Nikaenda kwenye kioo kilicho ukumbini. Nikatabasamu kama ulivyosema. Nusu moja ya uso ilitabasamu.

Sasa usicheke. Nilikwenda kuchukua kalamu. Kweli kabisa, Redio, nilikaa mezani kukuandikia barua kwa mkono uliobaki. Naiambatanisha hapa. Inasema, "Redio wangu, marahaba, hapa sote wazi," na hapo kalamu ikaniponyoka ikaviringika chini ya kabati. Nikaitazama ile sentensi. Ingekufikia siku ya kumi na moja, na mimi ningekuwa nimezikwa siku ya pili.

Nikasema ndani ya kichwa changu, kwa kuwa mdomo haukuweza: taa imewaka. Nikashika ukuta mpaka ukumbini, nikavuta kile kitambaa kwa meno, nikapiga.

Alipokea kijana, sauti ya chini. Mtaa nilikuwa nimeufanyia mazoezi njia nzima ukutani, nikautoa wa kwanza, na jengo, na ghorofa ya nne. Baada ya hapo maneno yakapondeka yote. Ila mahali alikuwa ameshapapata. Akasema, "Nimekupata mama, wanakuja, usikate." Nikajaribu kumwambia kuna wengine, aachie laini. Sijui alielewaje uji ule, lakini alielewa. Akasema, "Laini hii ni yako mpaka wafike."

Dakika kumi na nne. Sijawahi kushika laini dakika kumi na nne tangu nizaliwe. Akanisimulia habari za mpira, akaniuliza maswali ya kujibu kwa kugonga kipokeo cha simu ukutani. Nililia, Redio, si kwa maumivu, maana hakukuwa na maumivu. Miaka thelathini na moja nimewapa watu laini, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba moja ni yangu. Lile neno "samahani" lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza. Sikumwomba radhi.

Daktari anasema niliingia mapema, dawa ilikuta mlango bado wazi. Saa moja zaidi na usingepata barua hii, wala nyingine.

Mwambie Moshi asante, na mwambie bado imetosha. Fundi Viti amenitengenezea kiti, cha mikono miwili, mto mnene wa kijani, amekiweka ukumbini kando ya simu. Nilimuuliza kiti ukumbini cha nini, watu hawakai ukumbini. Akatoa misumari yote mdomoni, akasema, "Ni cha kuongelea."

Kwa hiyo Jumapili saa nne asubuhi nipigie. Nitauliza kama kuna aliyekufa, ni mazoea tu. Wewe sema hapana, halafu usinyamaze. Nina pa kukaa.

Shangazi yako